Sponji ya Tatu

Kwa miaka kumi na tisa Mama Sindano alitengeneza viti vya magari ya watu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukaa kwenye kiti alichokitengeneza kwa zaidi ya dakika tano. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kazi yake ilikuwa kufumua kitambaa kilichochoka, kutupa sponji iliyolala, kuweka mpya, kushona, na kumrudishia mwenye gari kiti ambacho ungedhani kimetoka kiwandani, tena kiwanda cha watu wanaowapenda wateja wao. Jina alilipata kwa ile sindano yake ya kupinda, ndefu kama kiganja, ambayo alipenda kuibana mdomoni akiwa anafikiri. Wageni waliogopa ataimeza. Waliomzoea walijua kwamba sindano ikiwa mdomoni hawezi kujibu swali, na kwamba ndiyo sababu yenyewe ya kuiweka pale.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara, kati ya fundi rangi na duka la betri. Ukutani zilining'inia fremu tupu za viti, na kwenye kona zilisimama jora za kitambaa na ngozi bandia. Cherehani ilikuwa karibu na mlango ili ipate mwanga, na meza ya kukatia ilijaa mistari ya chaki ya tangu enzi na enzi. Palinuka gundi. Mama Sindano alikuwa ameshazoea harufu hiyo kiasi kwamba akiwa nyumbani siku ya mapumziko alihisi kama pua imeziba.

Mteja akija kuchukua gari, alikuwa na utaratibu wake. Alimwambia akae, afumbe macho, asiguse usukani wala kitu kingine. Mteja alikaa, akazama, akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Pumzi hiyo Mama Sindano aliipenda kuliko sifa zote za mdomo. Mafundi wengine walibania sponji, lakini yeye kwenye sponji hakuwa na mkono wa birika. Viti vyake vilikuwa virefu, vinene na laini, na dereva aliyekaa juu yake alijiona bosi hata kama gari lenyewe linawashwa kwa kusukumwa.

Yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Alijaribu mara moja, mumewe akimfundisha, na wakarudi nyumbani kila mtu kwa njia yake. Suala hilo lilifungwa siku hiyo hiyo.

Mumewe ndiye aliyekuwa dereva. Wao waliitana Baba Mapacha na Mama Mapacha, ingawa mapacha wenyewe walishakuwa watu wazima na kuhamia kwao. Baba Mapacha aliendesha gari la kampuni ya kusambaza dawa, gari dogo jeupe lenye sanduku la baridi nyuma. Lilikuwa likitoka ghalani alfajiri na kufika hospitali ya mwisho baada ya saa tisa za barabara. Alilala huko, akarudi kesho yake, akapumzika siku moja, akaondoka tena. Alipokabidhiwa gari hilo kiti chake kilikuwa kikavu kama benchi la shule, na mkewe akaapa kwamba baba watoto wake hataendesha nchi nzima akiwa amekalia takataka ile. Alikivika upya kwa mapenzi yake mwenyewe, bila mtu kumwomba.

Miaka miwili ya mwanzo mambo yalikwenda. Mwaka wa tatu mgongo ukaanza kumsumbua, kwanza kidogo kidogo, upande wa kulia juu ya nyonga. Akirudi safari alisema amechoka. Baadaye akaacha kusema, akawa analala chini kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, macho kwenye dari. Mkewe alimchua kwa dawa kali iliyowafanya majirani wajue kwamba Baba Mapacha amerudi. Halafu akafanya lile alilojua kulifanya kuliko mtu yeyote: alikifumua kile kiti na kuongeza sponji.

"Sasa?" alimuuliza mumewe akiwa amekaa.

"Sasa afadhali," alijibu Baba Mapacha.

Baada ya mwaka mgongo ulizidi, na sponji ya pili ikaingia. "Afadhali kabisa," alisema Baba Mapacha. Ilipofika sponji ya tatu kichwa chake kilikaribia kugusa paa la gari akipanda, ingawa baada ya kuzama alibaki anachungulia barabara kwa juu ya usukani. Alisema tena afadhali. Mama Sindano aliamini, kwa sababu mtu akiambiwa neno tamu kuhusu kazi ya mikono yake haliulizi limetoka wapi.

Mambo yaliharibika mchana wa siku ya kawaida, katika uwanja wa ghala. Baba Mapacha aliegesha gari, akafungua mlango, akatoa mguu mmoja, na hapo ndipo mwili ulipokataa kuendelea. Alikaa nusu ndani nusu nje, jasho likimtoka, akijitia kwamba anatafuta kitu chini ya dashibodi. Wapakiaji wawili walimwinua kama wanavyoinua boksi lililoandikwa "huvunjika". Bosi, kijana wa rika la mapacha, aliyaona yote kutoka dirishani, akashuka.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alimpa maji, akamsubiri apate pumzi, ndipo akasema, "Mzee, nikikuacha uendelee hivi na ukapatwa na jambo barabarani, sitajisamehe. Nakupa mwezi huu. Nenda katibiwe. Mwisho wa mwezi ukitoka safari nitasimama hapa hapa nikutazame ukishuka. Ukishuka kama leo, nakuhamishia stoo."

Stoo si jela. Kuna watu wameomba kazi ya stoo wakanyimwa, wakalia. Lakini Baba Mapacha alikuwa ameshika usukani miaka thelathini, na barabara ile aliijua shimo kwa shimo. Manesi wa zahanati za njiani walimjua kwa honi. Alipofika nyumbani alilitamka neno stoo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la ugonjwa. Mkewe alikuwa anapiga pasi. Aliiweka kando, akaizima, akasema kesho wanakwenda hospitali wote wawili, na asiletewe hadithi.

Hospitalini walipelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo, binti mwembamba mwenye mikono ya nguvu na meza iliyofunikwa shuka la kijani. Aliwaamkia, wakaitikia. Alimlaza Baba Mapacha, akamkunja, akamnyoosha, akamgonga magoti, akamwambia ainame ashike vidole vya miguu. Baba Mapacha alifika magotini akatangaza kwamba amefika. Mama Sindano alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Mfupa hauna neno, baba," alisema binti. "Misuli ya kiuno ndiyo imechoka. Niambie kuhusu kiti cha gari lako. Kirefu? Kifupi? Ukikaa, magoti yako juu au nyonga ziko juu?"

"Magoti."

"Kinazama?"

"Kinazama kidogo."

"Kidogo?"

Baba Mapacha alitazama shuka la kijani. "Kinazama," alisema.

Binti alichukua mto, akauweka juu ya stuli, akamkalisha, akamwambia anyooshe mguu kana kwamba anakanyaga klachi. Kisha akamwonyesha kwa kidole jinsi kiuno chake kilivyoinama na kutoka nyuma. Alieleza taratibu. Kiti kikizama, nyonga hushuka chini ya magoti, na kiuno hubinuka. Kikalio, ile sehemu ya kukalia, kikiwa kirefu kupita paja, ukingo hukusukuma nyuma ya goti, basi dereva huteleza mbele ili afikie pedali, na mgongo hubaki hewani bila kuegemea kitu. "Dakika tano utafurahi," alisema. "Saa tano zitakuua. Kiti hicho ni cha kusinzia, si cha kuendesha. Nani alikitengeneza?"

Mama Sindano alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mumewe alijibu bila hata kupepesa macho.

"Kilikuja hivyo hivyo na gari."

"Basi aliyekibuni huko hajawahi kushika usukani maisha yake yote," alisema binti, akaanza kumwonyesha mazoezi.

Mama Sindano alibaki ameshika mkoba wake. Mazoezi yalionyeshwa na hakuyaona. Alisikia kwa mbali kwamba kila saa mbili mtu asimamishe gari, ashuke, atembee, ajinyooshe. Kwamba pochi isikae mfuko wa nyuma kwa sababu inapindisha nyonga. Kwamba kiti kisogezwe karibu hadi kisigino kifike chini bila mguu kunyooka wote. Alichokuwa anakisikia kweli kilikuwa kile kilichosemwa na mumewe. Uongo ule haukuwa umetungwa pale. Ulitoka umekamilika, umenyooka, kama kitu ambacho mtu alishakuwa nacho mfukoni kwa muda mrefu.

Walitembea hadi kituo cha basi. Walipokaribia, Mama Sindano aliuliza, "Kwa nini umemdanganya yule binti?"

"Nimemdanganya nini?"

"Baba Mapacha."

Mumewe alitazama barabara kana kwamba gari linakuja, na gari halikuwepo. "Angekusema vibaya mbele yangu," alisema. "Nisingeweza kukaa kimya, tungegombana na mtu anayenitibu."

"Amenisema hata hivyo."

"Amemsema mtu mwingine," alijibu Baba Mapacha, na kwa upande wake mazungumzo yakawa yamekwisha.

Wiki hiyo Mama Sindano hakumwamini yule binti. Tuseme ukweli, alimkasirikia. Miaka kumi na tisa ya wateja wanaoshusha pumzi, halafu mtoto wa juzi na stuli yake aje kumfundisha kazi? Alizunguka karakana akirusha vitu. Fundi rangi alichungulia kuuliza kulikoni, akaona sindano mdomoni, akarudi kwake. Lakini hasira yake ilikuwa na tundu dogo, nalo lilimsumbua usiku na mchana: hakuwahi kuona mtu amekaa kwenye kiti chake saa tano. Hata saa moja hakuwahi kuona. Siku ya nne alikwenda mwenyewe kwa bosi wa mumewe akaomba kupanda gari la dawa safari moja. Bosi alisita, akakubali kwa sharti kwamba akae kiti cha abiria na asiguse sanduku.

Kiti cha abiria hakikuwa kimeguswa na fundi yeyote tangu gari lizaliwe. Mama Sindano alikitazama kwa dharau, akakaa. Alikuwa na begi dogo lenye wembe, uzi, sindano, gundi, futi ya kitambaa na chaki.

Waliondoka kungali na giza. Kulipopambazuka vizuri, aliinama akachora mstari wa chaki ubavuni mwa kiti cha mumewe, sambamba kabisa na mfupa wa nyonga yake.

"Unafanya nini?"

"Endesha."

Hivyo ndivyo anavyofanya kazi mtu wa chaki. Akitaka kujua kitambaa kinavutika kiasi gani, anachora, anavuta, anachora tena. Saa ya pili ya safari alichora mstari mwingine, na ulikuwa mbele ya ule wa kwanza kwa upana wa vidole viwili. Baba Mapacha hakuwa amejua kwamba ameteleza. Alijisukuma nyuma, akakaa sawa, na baada ya kona tatu na tuta moja alikuwa amesharudi palepale. Mama Sindano alipima vidole kimyakimya, akatazama dirishani, akapima tena.

Saa ya tatu waliingia kituo cha mafuta. Yeye alikwenda msalani. Aliporudi alimkuta mhudumu wa pampu, mama mmoja mcheshi mwenye kofia, akimtania dereva.

"Mzee Ubao, leo vipi? Mbona hujautoa? Au umepona?"

Baba Mapacha alikuwa anamkonyeza yule mama, na alimkonyeza vibaya sana, kwa uso mzima.

"Mzee nani?" aliuliza Mama Sindano.

Mhudumu aliona sasa kwamba kuna jambo, lakini maneno yalishamtoka. "Huku barabarani wote tunamwita hivyo, mama," alisema polepole, akarudisha bomba la mafuta mahali pake kwa uangalifu mkubwa.

Ubao ulikuwa nyuma ya kiti, umelazwa chini ya turubai karibu na jeki. Ulikuwa kipande cha mlango wa kabati, kimekatwa kwa msumeno na mtu asiye fundi, pembe zimepigwa msasa. Mama Sindano aliutoa akaugeuza juani. Upande mmoja ulikuwa umeng'aa kwa kukaliwa, na umri wa mng'ao ule aliujua kwa jicho la kazi: haukuwa wa mwezi mmoja, wala wa mwaka mmoja. Tangu sponji ya kwanza, mumewe alikuwa anaondoka nyumbani amekalia kazi yake. Akifika kituo hiki aliweka ubao, na kesho yake akirudi aliutoa hapa hapa, kisha akamaliza saa tatu za mwisho akiwa ameuma meno. Akifika nyumbani alisema afadhali. Watu wa njia nzima walijua, ila yeye.

Aliurudisha ubao chini ya turubai. "Panda," alisema.

Waliendesha saa moja na nusu. Mistari ya chaki ubavuni mwa kiti ilifika mitano. Baba Mapacha alianza kuegemea upande mmoja, kisha mwingine, akashika usukani kama mtu anayejivuta kutoka kisimani. Mama Sindano alinyoosha mkono akaupitisha kati ya kiuno cha mumewe na egemeo. Uliingia wote hadi kwenye kifundo bila kubanwa. Aliuacha pale kidogo. Shati lilikuwa limelowa, na misuli chini yake ilikuwa migumu na ilitetemeka. Hapo ndipo lilipomwingia jambo jingine, dogo na la aibu: yeye mwenyewe, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, alikuwa amekaa karibu saa tano kwenye ile takataka ya kiwandani, na hakuwa anaumwa popote.

"Simama," alisema.

"Dawa zinatakiwa kufika kabla hawajafunga stoo yao."

"Una saa moja ya ziada, umeniambia mwenyewe asubuhi. Simama hapo kwenye uwazi."

Palikuwa na ghala la nafaka lililofungwa, na mbele yake sakafu ya saruji. Baba Mapacha alishuka kwa ile njia yake, mguu, kituo, mkono juu ya mlango, kituo. Mkewe alimpa spana, akafungua kiti, wakakitoa pamoja na kukilaza kwenye saruji. Alipiga magoti, akashika wembe, na mkono ukamgoma. Mshono ule ulikuwa mzuri. Aliushona kwa uzi mara mbili, sindano karibu karibu, kama asivyomshonea mteja yeyote. Aliukata.

Sponji ya tatu ilitoka, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Chini yake ile ya kiwandani ilikuwepo bado, nyembamba, ngumu, haijalala hata robo.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza bila kuinua uso.

Baba Mapacha alikuwa anatembea huku na huko kama alivyoagizwa na binti wa hospitali, mikono kiunoni. "Ningekuambiaje? Kila ukimaliza kushona ulikuwa unanitazama usoni."

"Ungeniambia tu. Mimi si mtoto."

"Nilisema mgongo ninao mmoja na mke ninaye mmoja, na katika hao wawili mgongo ndio mvumilivu."

Mama Sindano alitaka kucheka, akalia. Alilia huku anakata, kwa sababu muda ulikuwa unakwenda na kazi haisubiri machozi. Alikuwa na aibu, na alikuwa na hasira naye, na alimpenda, yote kwa mpigo. Alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Baba Mapacha alisema amesikia, akaendelea kutembea.

Alipima paja la mumewe kwa futi, akiwa amemkalisha kwenye ngazi ya ghala, mguu mmoja mbele kama wa klachi. Kikalio alikipunguza vidole vinne kwa mbele, ukingo akaulaza usimpige nyuma ya goti. Nyuma alipandisha kidogo ili nyonga zisishuke. Kutoka kwenye ile sponji ya tatu alikata kipande cha upana wa kitabu, akakitia kwenye egemeo, pale pale mkono wake ulipokuwa umeingia. Alishona haraka, kwa mishono mirefu ambayo siku nyingine angemfokea mtu kwa kuishona. Walikirudisha kiti, wakakisogeza mbele mashimo mawili ya reli yake. Pochi aliitoa mfukoni mwa mumewe akaitupia kwenye dashibodi.

Baba Mapacha alikaa. Hakushusha pumzi.

"Kigumu," alisema.

"Kigumu vipi?"

Alikanyaga klachi, akaachia, akakanyaga tena. "Twende, nitakwambia mbele ya safari."

Saa ya nane mstari wa chaki ulikuwa umehama kwa upana wa ukucha. Saa ya tisa hospitali ya mwisho ilipokea dawa zake, na mpokeaji aliuliza kwa nini leo Mzee Ubao ameleta mkaguzi.

Wasidanganywe watu kwamba alipona siku ile. Mgongo ulioumizwa miaka mitano haukubali kuombwa msamaha kwa alasiri moja. Wiki iliyofuata aliumwa vile vile, na ile nyingine akaumwa kidogo zaidi, akasema binti wa hospitali amemwonea. Lakini kila saa mbili alisimamisha gari, akashuka, akazunguka mara tatu. Kila jioni alilala kwenye mkeka, akavuta goti hadi kifuani, huku mkewe akihesabu kwa sauti na kumkatalia kuruka namba. Wiki ya tatu alilala kitandani.

Siku ya mwisho wa mwezi bosi alisimama uwanjani kama alivyosema, na wapakiaji walijifanya wana kazi karibu na pale. Mama Sindano alikuwa nje ya geti, upande wa pili wa barabara, na hakuna aliyejua kwamba yupo. Gari liliingia. Mlango ukafunguka. Mguu ukatoka, na wa pili, na mkono ukashika mlango kwa muda mfupi, na Baba Mapacha akasimama. Alijinyoosha, akafunga mlango, akampa bosi karatasi za mapokezi.

Bosi alizipitia. "Kesho kutwa kuna mzigo, mzee," alisema. "Alfajiri kama kawaida."

Mama Sindano alirudi karakana akiwa mwepesi, karibu kuimba. Alifungua droo akatoa daftari la vipimo, lile ambalo kwa miaka yote aliandika jina la kila dereva, namba ya simu, aina ya kiti na unene wa sponji aliyotia. Alikaa nalo karibu na mlango penye mwanga. Kule kwenye saruji ya ghala, hata kabla hajamaliza kushona, alikuwa amemuuliza mumewe: na wengine je? Mumewe alimjibu wamalize lake kwanza. Sasa lake lilikuwa limekwisha. Alianza kupiga simu, moja baada ya nyingine, na wote aliwauliza swali lile lile: mgongo wako ukoje?

Wengi walicheka, wakauliza siku hizi amekuwa daktari. Baadhi waliuliza amejuaje. Mmoja alisema ameshabadilisha godoro mara mbili. Mwingine alidhani ni uzee, na alikuwa na miaka thelathini na nne. Aliwaambia wote walete magari, atavirekebisha viti bila malipo, na aliweka alama ya chaki mbele ya kila jina.

Karibu na mwisho wa daftari alimpigia dereva mmoja wa teksi za safari ndefu, mtu wa kelele na vicheko, ambaye kwa sifa zake alikuwa amemletea wateja kuliko mtu yeyote. Alifurahi mno kuisikia sauti yake.

"Fundi wangu! Nimekukosa. Mimi udereva niliacha, mwaka wa pili sasa."

"Uliacha kwa nini?"

"Mgongo. Ulinikataa kabisa, nikauza gari." Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi kuliko kile cha zamani. "Ila kiti chako sikukiuza, fundi. Nilikifungua kwanza. Nimekitia miguu ya mbao, kipo hapa sebuleni, ndicho ninachokalia kutoka asubuhi hadi jioni. Kukaa kwingine siwezi. Bila hicho kiti sijui ningekuwaje."

Nje fundi rangi alikuwa anapuliza bodi ya gari, na ilibidi Mama Sindano asubiri kelele ipite.

"Fundi? Upo? Kwani kiti kina kasoro?"

"Kina," alisema. "Kasoro ni yangu mimi, na mgongo wako nimeuharibu mimi. Inuka hapo, kaka yangu, usikikalie tena. Nielekeze kwako, nakuja sasa hivi."